Marobota ya Majani na Mkono wa Moto

Vijana wa bustani, mlionisindikiza mpaka getini na kunipa saa ya ukutani, asanteni. Inatembea, ingawa mke wangu anasema inachelewa kama mwenye nayo. Mliniomba niwaandikie vile kazi yetu ilikuwa zamani, kabla ya mipira ya maji na udongo wa kununuliwa kwa mifuko. Shule yangu iliishia chini, kwa hivyo mkiona neno limekaa vibaya, lipisheni lipite. Mambo ya vyeo na mshahara siandiki. Hayana mboga ndani. Nitaandika juu ya marobota ya majani tuliyokuwa tukipandia, na juu ya watu wawili walionikalia pale nilipotaka kukaa mimi. Nitawataja kwa majina. Mama Truphosa Khayesi amekufa. Rajab Wangatia yuko Matungu, na anakula vizuri.

Nilianza kazi miaka ile ya miwa. Nyinyi mnasikia tu hadithi zake, lakini mimi niliona kwa macho. Watu waling'oa ndizi wakapanda miwa. Waling'oa kunde wakapanda miwa. Jirani yetu mmoja alipanda mpaka mlango wa choo, ukienda haja unapiga hodi kwa majani kwanza. Matrekta yalipita mchana kutwa yakivuta miwa kwenda kiwandani, na sokoni mwanamke wa mboga alikuwa anauza sukuma iliyotoka mbali, imelala kama mgonjwa. Pesa ilikuwako. Mboga ndiyo hakuna.

Kiwanda kilikuwa na nyumba ya wageni, hii hii mnayofanyia kazi sasa, siku hizo ikiitwa tu Gesti. Wageni wakubwa walilala hapo, na wageni wakubwa hutaka maua dirishani na nyanya kwenye sahani. Sasa pa kupanda ni wapi? Nyuma ya jengo matrekta yalikuwa yamesimama wakati wa kujenga, udongo ukagandamana na murram ukawa sakafu. Ukipiga jembe linaruka, linarudi kwa uso wako kama limetukanwa. Mbele ya jengo, miwa. Pembeni, miwa.

Mama Truphosa ndiye alikuwa mkuu wa bustani. Mwanamke mnene, miguu peku siku zote, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, na sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amefanya kazi ujanani kule kwa mashamba ya ngano, na huko aliona mtu anapanda nyanya juu ya robota la majani ya ngano, bila udongo, robota limekaa tu juu ya mawe. Akalileta wazo hilo kwetu kichwani mwake.

"Udongo ni kitu kizuri," alikuwa akisema, "lakini si lazima. Hata wewe ulilala tumboni mwa mama yako bila godoro."

Siku yangu ya kwanza nilifika na panga ya baba na viatu vya kuazima. Asubuhi hiyo hiyo alifika kijana mwingine, mwembamba, kofia nyeupe kichwani, kanzu ameifunga kiunoni isiguse tope. Huyo ndiye Rajab. Mama Truphosa hakutuuliza tunajua nini. Alitupeleka nyuma, mahali marobota yalikuwa yamepangwa kwa mstari yakitoa mvuke kama ugali umeondolewa motoni.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Lumbasi, mama. Natoka Sigalagala."

"Jina?"

"Josephat."

"Ingiza mkono hapo ndani. Unasikia nini?"

Niliingiza mpaka karibu na kiwiko. "Moto, mama. Kama uji."

Alicheka. Kisha akautoa mkono wangu, akaufunika kati ya mikono yake miwili, akakaa nao akiangalia juu kama mtu anayesikiliza redio. "Na huu wako pia ni wa moto," akasema. Akamgeukia mwenzangu. "Wewe lete." Akaushika wake. Uso ukalegea. "Aa! Huyu ni baridi. Kama mtungi wa maji. Sawa. Rajab utapanda. Josephat utapika."

Hapo ndipo maisha yangu yaligawanywa, na haikuchukua muda mrefu kuliko kuvua ndizi ganda.

Nyinyi wa siku hizi labda hamjui, kwa hivyo nieleze. Kwetu, mbegu haianzishwi na kila mtu. Wakati wa kupanda, anatafutwa mtu wa mkono baridi aweke ya kwanza, wengine wanafuata. Mtu wa mkono wa moto akianzisha, mbegu inaungua ndani ya ardhi, au inaota manjano. Hata nyumbani mama yangu alikuwa anamwita dada yangu mdogo aanze mahindi, na mimi nasimama nyuma nimeshika kikapu. Kwa hivyo sikubishana na Mama Truphosa. Nilijua kushika kikapu.

Sasa kupika robota ni hivi, na hili shikeni kwa sababu bado ni kweli. Unalilaza ncha zilizokatwa zikiangalia juu, ili maji yashuke kwa mirija ya majani. Kamba ikae ubavuni, isikae chini. Kamba ya katani ikilala chini inaoza, na katikati ya msimu robota linafunguka kama suruali ya mlevi. Unamwagia maji mpaka yatoke upande wa chini. Kesho tena. Halafu unaanza kulilisha. Mtu mwenye pesa analisha mbolea nyeupe ya miwa, kidogo kidogo, na maji juu yake. Sisi tulikuwa na ng'ombe wa maziwa wa Gesti, kwa hivyo mimi nililisha mkojo wa ng'ombe. Nilisimama nyuma ya ng'ombe na debe, nikingoja apende. Rajab wakati huo alikuwa kivulini na miche yake kwenye makopo, akiipepea.

Robota likishiba linapata homa. Asubuhi linatoa mvuke, linanuka kama pombe ya busaa, linaota uyoga mdogo wa kijivu wenye kofia. Uyoga huo msiung'oe, unawaambia kazi inaendelea. Ndani kuna moto wa kuua mbegu za magugu na mayai ya wadudu. Ukipanda wakati huo, mizizi inachemka. Unangoja homa ishuke. Dawa ya kujua ni mkono: ukiuingiza na ukaweza kukaa nao mle ndani kama kwa maji ya kuogesha mtoto, tayari. Unatoboa kwa mti uliochongwa, unatia konzi ya udongo na samadi, unapanda. Sukuma na mboga ya saga zinakubali, hata ubavuni. Nyanya inataka mti wa kuegemea. Mahindi msijaribu, yanarefuka halafu yote yanaanguka pamoja na kitanda chake.

Mara moja nilijaribu kulilisha molasi, kwa sababu molasi ilikuwa inamwagika kiwandani kama maji. Walikuja siafu. Baada ya siafu walikuja nyuki. Baada ya nyuki walikuja wapika chang'aa, wanaume wazima, wakiuliza kwa heshima kama lile robota naliuza. Mama Truphosa alikaa chini kwa kucheka. "Josephat," akasema, "nilikwambia pika. Sikukwambia ufungue kilabu."

Hiyo ndiyo kazi yangu ilikuwa. Kubeba, kumwagia, kulisha, kuingiza mkono. Kisha asubuhi ya kupanda, Rajab anakuja ameosha mikono, anakunja mkono wa kanzu, anasema "Bismillahi," anaweka mche wa kwanza. Na watu walitoka kumtazama! Wapishi walitoka. Wafua nguo walitoka. Wageni walitoka na kamera. Mimi ninanuka ng'ombe, nimesimama kando ya bomba.

Jikoni waliziita "sukuma za Rajab". Mpishi alipiga kelele dirishani, "Leteni nyanya za Rajab!" Maua ya mezani yalikuwa "zinia za Rajab". Sijawahi, katika miaka yote, kusikia mtu akisema robota la Josephat. Na kile alichopanda kilikuwa kimesimama juu ya nini? Hewa?

Tukimaliza kupanda, Mama Truphosa alikuwa na desturi ya kutupikia ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, hapo hapo nyuma ya stoo. Kuku alichinjwa na Rajab, ili yeye aweze kula kwa dini yake. Mimi nilishika miguu ya kuku. Basi chakula kikiiva, Mama anachukua ile imondo, firigisi ya kuku, ambayo kwetu mnajua hupewa mwanamume wa heshima, na anaiweka juu ya ugali wa Rajab. Kila mara. Mimi napewa paja. Paja ni kubwa, ndiyo. Mtoto pia anapewa paja.

Rajab mwenyewe ndiye alinimaliza, maana hakuwa mtu mbaya. Angekuwa na maringo ningemchukia nikapumzika. Lakini alikuwa ananisalimia kwa mikono miwili. Nikiugua, alinimwagia marobota yangu bila kuambiwa, na aliyamwagia sawasawa. Mtu wa namna hiyo unamfanyia nini?

Halafu miwa ikazidi. Kiwanda kilitaka kila lori livute miwa, na lori lililokuwa likituletea marobota ya majani ya ngano kutoka kule mashambani likaondolewa. Mama Truphosa hakulia. Aliketi na seremala, wakatengeneza sanduku la mbao ngumu, halina kifuniko wala tako, lenye mianya ya kupitisha kamba, na mti mrefu juu yake wa kukandamiza. Unajaza majani makavu ya miwa, ambayo yalikuwa yamelala kila mahali bila mwenyewe, unarukia ule mti, unafunga kamba, unasukuma upande wa pili, robota linatoka. Mwenye kurukia nilikuwa mimi. Nililipenda lile sanduku. Mbao zake zililainika kwa mikono yangu mpaka zikang'aa. Nilijua siku moja Mama akiondoka litakuwa langu. Niliona hata mahali nitaliweka nyumbani.

Sasa nitaje kosa lile kubwa.

Meneja wa nyumba za kiwanda alikuwa Bwana Nandwa, mtu wa soksi nyeupe na haraka. Siku moja alitujia mbio. Viongozi wa wakulima wa miwa walikuwa wanakuja Gesti kula na wakubwa wa kiwanda, na yeye alitaka marobota yapangwe mbele, kutoka getini mpaka mlangoni, maua juu.

"Wiki ijayo," akasema.

"Majani hayajafungwa hata," Mama Truphosa akasema.

"Mama, wiki ijayo ni wiki ijayo."

Wakata miwa walituletea majani kwa trela. Lakini miaka ile walikata kwa pupa, shamba hili halijaisha trela liko lile, na ndani ya majani walikuwa wameacha vipande vya miwa yenyewe. Muwa mnaujua: kila kifundo kina jicho, na kila jicho linangoja tu nafasi. Nilipokuwa najaza sanduku niliviona, nikavitoa nilivyoweza, nikamwita Mama.

"Mama, kuna vipande vina macho humu. Vingi."

"Vitakufa na moto."

"Vikipata moto."

"Si wewe ndiye mwenye moto? Pika."

Nilipika. Lakini mvua ilikuwa inanyesha baridi, na majani ya miwa ni mavivu kuliko ya ngano, yanataka kulishwa sana na kungojwa sana. Ng'ombe nao ni wale wale, hawakuongeza haja kwa sababu Bwana Nandwa ana wageni. Siku ya kupanda ikafika. Niliingiza mkono robota hili, nikaingiza lile. Baridi. Rajab naye akaingiza.

"Yamepoa," Rajab akasema.

"Hayajapoa," nikasema. "Hayajaanza. Baridi ya kumaliza na baridi ya kutoanza si moja. Hayajatoa mvuke hata siku moja, hayajaota uyoga."

Bwana Nandwa aliangalia saa. Mama Truphosa akaniangalia mimi, na nitakumbuka alivyosema mpaka nife, kwa sababu alisema mbele ya wapishi.

"Josephat, mkono wako tangu lini ukajua baridi? Ni baridi au si baridi?"

"Ni baridi, mama, lakini—"

"Rajab, panda."

Rajab aliniangalia kwanza. Nataka muandike hilo pembeni: aliniangalia. Kisha akakunja mkono wa kanzu, akapanda. Zinia, petunia, na sukuma pande zote kwa urembo. Miche ilikuwa mikubwa tayari kutoka kwenye makopo, kwa hivyo jioni ile mbele ya Gesti palikuwa pazuri kama harusi.

Wageni wenyewe waliahirisha. Hilo hakuna aliyelipanga. Mvua iliharibu barabara, siku ikasogezwa mbele, na marobota yakabaki pale na maji yake. Yakaanza kupata joto, lakini joto la kitandani tu, lile la kuamsha, si lile la kuua. Asubuhi moja niliona ncha ya kijani imechungulia kati ya zinia, kali kama mkuki. Kesho yake zilikuwa nyingi. Ukikata, inarudi na ndugu zake. Siku wageni walipofika, mstari mzima kutoka getini mpaka mlangoni ulikuwa ni shamba la miwa lenye maua kidogo.

Nilisimama kando ya bomba langu na nilikuwa na raha. Sijui kama nimewahi kuwa na raha ya namna ile tena. Nilijisemea, leo wataona, leo mkono baridi utapata jibu lake.

Mwenyekiti wa wakulima alikuwa mzee mmoja aitwaye Keya, tumbo mbele na fimbo mkononi. Alishuka kwa gari, akatembea hatua chache, akasimama. Akainama juu ya robota. Akagusa jani kwa fimbo.

"Nani alipanda hii?"

Bwana Nandwa alikuwa anatoka jasho mpaka kwa soksi. Mama Truphosa akaangalia miguu yake peku.

"Ni mimi, mzee," Rajab akasema, akatoka mbele. "Maua nilipanda mimi. Muwa haukuomba ruhusa."

Mzee Keya alimtazama. Kisha tumbo likaanza kutikisika. Alicheka mpaka walinzi wakamshika asianguke. "Haukuomba ruhusa! Mmesikia? Hata kwangu haukuomba! Umekula ndizi ya mke wangu, umekula kaburi la babu, sasa umeingia kwa ua la serikali!" Wote wakacheka, wakubwa wa kiwanda wakacheka, Bwana Nandwa akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote kama mtu aliyenyongwa akakatiwa kamba. Wakapiga picha mbele ya marobota, Rajab katikati, mkono wa Mzee Keya begani mwake. Mzee akasema robota moja anataka kupeleka kwake, awaonyeshe watu.

Nani alilibeba mpaka kwa gari? Jibuni wenyewe.

Baadaye nyuma ya stoo palikuwa na ingokho. Nilimwambia Mama Truphosa, "Nilikuambia."

"Uliniambia," akasema. "Sasa kula." Na imondo ikaenda pale inapoendanga.

Mtu akikosea na kosa lake likawa sherehe, wewe uliyesema kweli unabaki unafanana na mchawi. Nilijifunza hilo siku ile, na halijanisaidia popote.

Mama Truphosa alipoondoka kazini tulimfanyia chai. Alisimama akasema maneno, kisha akavuta lile sanduku kutoka stoo. Nilikuwa nimeshafuta mikono kwa suruali.

"Hili ni la Rajab," akasema.

Nilingoja watu waondoke. Nilimfuata mpaka njiani, mzigo wake kichwani mwangu. "Mama, na mimi?"

"Wewe una moto, Josephat. Utaishi popote."

Nimekaa na maneno hayo kama mwiba wa samaki kooni. Kama ilikuwa zawadi, mbona haikushikika?

Aliniona vizuri, lakini. Biashara ya miwa ilipoanza kuanguka, kiwanda kilipunguza watu. Wapishi walienda, wafua nguo walienda, ng'ombe waliuzwa. Bwana Nandwa alienda na soksi zake. Rajab alienda, sanduku limefungwa nyuma ya baiskeli yake, akanishika mikono miwili getini. Mimi nilibaki. Gesti ilinunuliwa na mwenyewe mwingine, akanichukua pamoja na viti. Watu walisema nina bahati. Mtu aliyebaki peke yake kwenye bustani anamwonea nani wivu? Niligundua anaweza kumwonea aliyeondoka.

Nyinyi mmefanya kazi nami baada ya hapo. Mmeona vile kila msimu nilikuwa namwita Beatrice wa jikoni aje aweke mche wa kwanza, na mlicheka mkisema mzee ana ushirikina. Sasa mnajua. Sijawahi kuanzisha robota hata moja kwa mkono wangu. Niliyapika yote, nikatafuta mwingine wa kuyafungua. Mkuu wa bustani ni mimi, na bado nimeshika kikapu.

Basi, nimestaafu. Nyumbani kwangu Sigalagala nyuma ni mawe matupu, na mke wangu anataka mboga karibu na jiko. Majani yapo. Kamba ipo. Sanduku ndilo hakuna. Nilikaa na kiburi changu siku kadhaa, kisha nikamtumia Rajab salamu.

Alikuja kwa bodaboda, sanduku limefungwa nyuma kama mgonjwa anapelekwa hospitali. Ndevu nyeupe sasa.

"Mulembe, Josephat."

"Mulembe. Umenenepa."

"Na wewe bado unanuka ng'ombe. Alhamdulillahi, nimefika kwenyewe."

Tulifunga marobota mawili. Mimi nikarukia mti, yeye akafunga kamba, hatukuongea sana. Alienda. Nikapika, na safari hii nilipika bila meneja. Yalitoa mvuke, yakanuka, yakaota uyoga. Yalipopoa nikamwita tena aje apande. Aliingiza mkono.

"Limepoa."

"Najua limepoa."

"Panda basi."

"Wewe ndiye unapandanga."

Aliniangalia vile vile alivyoniangalia siku ya maua. "Josephat, mimi hapa ni mgeni. Nyumba ni yako, robota ni lako."

"Mkono ndio si wangu," nikasema. "Unajua."

Mke wangu akaita kutoka jikoni, "Nyinyi wazee, mnapanda au mnaposa? Sufuria inangoja!"

Rajab akacheka. "Basi yapo mawili. Panda lako, nipande langu. Likiungua, utanilaumu mimi, si umezoea?"

Nikapanda. Sukuma, na zinia moja pembeni. Nikaugandamiza udongo zaidi ya inavyotakiwa. Yeye alisema "Bismillahi" kwa lake. Mimi sikujua niseme nini, nikasema "Haya."

Kila asubuhi tangu hapo nilitoka kabla ya chai nikayaangalia. Nilitafuta manjano. Nilitafuta jani lililojikunja. Nilipima kwa shubiri, robota hili na lile. Vijana, zote ziliota sawa. Ukiondolewa hapo ukarudishwa, huwezi kusema lipi ni la nani. Mnadhani nilifurahi? Nilikaa juu ya jiwe nikatazama tofauti ambayo haiko, na iliniuma kuliko kama zingeungua. Zingeungua, Mama Truphosa angekuwa alisema kweli, na mimi ningekuwa nimekaa mahali pangu miaka yote hiyo. Mama, lala salama, lakini ulinishika mkono dakika moja tu. Dakika moja, na mkono wenyewe ulikuwa umetoka tu kwenye robota la moto!

Jumapili iliyopita mboga zilitosha kuvunwa, nikamwalika Rajab. Mke wangu alitoa jogoo. Rajab akachinja, mimi nikashika miguu, kama zamani. Kabla ya kula alipita nyuma, akazunguka marobota polepole, mikono mgongoni.

"Lako limenizidi," akasema. "Upande ule wa jua."

Halijamzidi. Nimepima.

Tukakaa. Mke wangu akaweka imondo katikati ya sinia, akatuacha tujiamulie. Nilikuwa nimeshaamua tangu asubuhi. Nilikuwa nimejipanga hata maneno: nitaichukua kwa mkono wangu huu, niiweke mbele yake, niseme kula, mgeni wangu, na kwa mara moja tu mkubwa awe ni mimi. Nikaosha mikono, nikanyoosha.

Vidole vyake vilikuwa vimefika. Aliinua imondo akaiweka juu ya obusuma wangu, akaipigapiga kidogo isianguke, kama anavyofanyaga na mche.

"Kula, mpishi," akasema.

Ilikuwa tamu. Na amenitangulia tena.